Upanga Uliokatwa Ncha

Kila siku akitoka shule, Kiroboto alikuwa na kazi moja kabla ya nyingine yoyote: kuokota sindano. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana. Sakafuni palijaa nyuzi, vipande vya kitambaa na sindano zilizoanguka, na mama hakutaka mteja aingie akachomwe mguu. Basi Kiroboto alipita na sumaku aliyoifunga kwenye fimbo, akaziokota moja moja, akazirudisha kwenye kopo. Akimaliza alivua sare ya shule, akala alichowekewa, akabeba mfuko wake mrefu na kutoka mbio.

Jina la Kiroboto alibandikwa na wenzake kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakai mahali pamoja. Mwanzoni lilimkera. Baadaye akafikiri kwamba kiroboto ni mdogo lakini humnyima usingizi mbwa mkubwa, akalikubali.

Mahali alipokuwa anakimbilia ni kwenye ghala lililokuwa likihifadhi karatasi zamani. Sasa lilikuwa tupu, lina sakafu ya mbao na madirisha ya juu sana, na mara tatu kwa wiki lilikuwa uwanja wa mchezo wa panga za kale. Usitishike. Panga zenyewe ni za chuma kweli, ndefu, za kushikwa kwa mikono miwili kama walivyozishika askari wa zamani sana, lakini makali yake ni butu, na ncha yake imeviringwa na kuvikwa kifuniko cha mpira. Tena hakuna anayeruhusiwa kuugusa upanga kabla hajavaa barakoa ya wavu wa chuma usoni, kinga ngumu shingoni, glavu nene mikononi, na koti lililoshonwa tabaka juu ya tabaka kama godoro.

Na zaidi ya hayo yote, upanga wenyewe lazima upinde. Ukimchoma mwenzako kifuani, upanga mzuri hujikunja na nguvu yako huishia kwenye chuma. Usiojikunja, nguvu huishia mwilini mwa mtu. Hilo la mwisho watu wengi hulisahau, hata watu wazima, na kusahau huko ndiko kulikoleta balaa ninayotaka kuisimulia.

Makoti ya karibu watoto wote wa pale ghalani yalitoka mikononi mwa mama yake Kiroboto. Aliyashona mwaka mzima: turubai jepesi nje, pamba katikati, turubai tena ndani, na mishono iliyopita kwa mistari iliyokaribiana mpaka vidole vikaota sugu. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza aliyowahi kuipata. Kwa ajili yake watu mtaani walianza kumwita "fundi wa makoti", na yeye akiitwa hivyo alijifanya hakusikia, ili waseme tena.

Asiyevaa koti la fundi huyo alikuwa mmoja tu, Twiga. Huyu msichana alikuwa na umri sawa na Kiroboto lakini alimzidi kwa kichwa kizima na shingo yake. Baba yake alimnunulia koti la dukani, jeusi, zito, lenye nembo begani. Twiga hakuwa mtoto mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki. Makoti ya wenzake aliyaita mashuka.

Jumatatu moja, mashindano yakiwa yamekaribia, kocha aliwapanga Twiga na Kiroboto wapambane.

"Twiga, wewe una mikono kama ngazi," alisema kocha. "Chukua Kifupi, mpate kulingana."

Kifupi lilikuwa jina la upanga mmoja. Miezi kadhaa nyuma ulibanwa na mlango wa ghala ukakatika ncha. Kocha hakutaka kuutupa. Aliukata pale palipopasuka, akaulainisha kwa tupa, akauvika kifuniko kipya cha mpira, ukawa mfupi kuliko wenzake kwa upana wa kiganja. Pale kwenye mpini ulikuwa na utepe wa kijani, alama ya kwamba umepimwa ukaonekana salama. Utepe huo ulifungwa kabla upanga haujakatika, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kuufungua. Kila mtu aliupenda Kifupi. Watoto waliupenda kwa wepesi wake, na wazazi waliupenda kwa sababu, walisema, upanga mfupi una hatari ndogo.

Wakapambana. Twiga alichoma mara moja tu, pigo la kawaida la mazoezi. Kiroboto aliona kama amegongwa kwa nyundo katikati ya mbavu. Pumzi ilikatika. Alipiga magoti, akainama mpaka barakoa ikagota sakafuni, na kwa muda hakuweza kuvuta hewa wala kuitoa.

Wenzake wawili watatu walicheka, maana walidhani anaigiza.

"Si niliwaambia ni mashuka," alisema Twiga. Alicheka pia, ingawa mwenyewe alikuwa ameshtuka.

Kocha alikuja, akamkalisha, akamfungua koti na kumwita mama mmoja aliyekuwapo amtazame. Chini ya fulana damu ilikuwa tayari imevilia, duara jekundu lenye ukubwa wa kizibo. Kocha alilishika lile koti, akalibonyeza kwa vidole pale palipochomwa.

"Pamba imelala hapa," alisema. "Mwambie mama yako aitazame kazi yake."

Kiroboto alikuwa bado hawezi kusema neno. Hasira ilimpanda ikamkaa kooni, na ilikaa hapo siku zote zilizofuata.

Nyumbani mama alimkanda kwa kitambaa baridi. Kisha akalichukua koti, akalichana kwa mkasi pale palipochomwa, akaitazama pamba kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nene, imekaa sawasawa, haikulala popote. Akaipima na pamba ya begani, ikalingana. Lakini hakusema "nimesingiziwa". Alikaa tu anaitazama.

Kesho yake mzazi mmoja alirudisha koti la mwanawe. Jioni wakaja wengine.

"Si kwamba tunakulaumu, fundi," walisema. Maneno hayo yana maana moja tu, nayo ni kwamba wanakulaumu.

Mama aliyapokea makoti, akayarundika juu ya meza, akaanza kufumua mishono ili aongeze tabaka. Mshono alioutolea jasho mwezi mzima aliufumua kwa kisu kidogo, trrr, mpaka mwisho, na kuanza mwingine.

"Mama, mbona huwajibu?" aliuliza Kiroboto. "Umeiona pamba kwa macho yako. Haina kasoro."

"Mtoto ameumia ndani ya koti nililolishona mimi," alisema mama bila kuinua uso. "Nitasimama wapi nibishane na watu?"

"Basi nitabishana mimi."

"Wewe okota sindano."

Kiroboto aliokota sindano kwa hasira, na sindano ikiokotwa kwa hasira huwa inakuchoma. Lakini alipokuwa ananyonya kidole akaanza kufikiri vizuri. Alikuwa amechomwa mara nyingi pale ghalani, na panga nyingine, na watu wenye nguvu kuliko Twiga, akiwa ndani ya koti hilo hilo. Hakuwahi kupiga magoti.

Siku ya mazoezi iliyofuata aliwahi kufika. Alivaa glavu na barakoa kama sheria inavyotaka, akachukua upanga wa kwanza ukutani, akaweka ncha yake kwenye nguzo ya mbao na kusukuma. Upanga ulijikunja vizuri. Akachukua wa pili, nao ukajikunja. Akachukua Kifupi. Alisukuma, akasukuma tena kwa nguvu zake zote. Kifupi ulisimama kama nondo, na mpini ukamrudi kiganjani mpaka ukamwumiza.

Alimwendea kocha mbio. Kocha alikuwa amepiga magoti sakafuni, anabandika mistari ya uwanja kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi. Timu za sehemu nyingine zilikuwa zinakuja, na mzee wa watu hakuwa amelala vizuri wiki nzima.

"Kocha, Kifupi haupindi."

"Upanga mfupi ndio salama, Kiroboto. Hata mtoto mchanga anajua."

"Lakini haupindi. Njoo usukume mwenyewe."

"Una utepe wa kijani?"

"Unao."

"Basi umepimwa."

"Ulipimwa kabla haujakatwa, kocha."

Kocha aliweka chini gundi yake. Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimkasirisha Kiroboto kuliko kama angegombezwa.

"Sikiliza, mwanangu. Najua unampenda mama yako. Lakini usianze kutafuta mchawi. Koti lina kasoro, fundi anarekebisha, yamekwisha. Nenda kavae."

Twiga alikuwa amefika, ameyasikia yote. "Aliyeshindwa hakosi neno," alisema, akapita.

Hasira, hasara, ndivyo tunavyoambiwa. Hatuambiwi kwamba hasara hiyo mara nyingi humwangukia mtu mwingine. Kiroboto alirudi nyumbani siku hiyo, akamkuta mama bado anafumua, macho yamemwiva kwa kukodoa. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilimjia likiwa limekamilika. Kama Kifupi ungemwumiza mtu aliyevaa koti la dukani, jeusi, zito, lenye nembo begani, ni nani tena angethubutu kusema kosa ni la mama?

Hakumwambia mtu. Wazo jema mtu huwa ana hamu ya kulisema. Hili alilificha, na hata kulificha huko hakukumshtua.

Jumamosi ghala lilijaa. Wazazi walikaa kwenye mabenchi pembeni, watoto wa timu nyingine walikuwa wanarukaruka kupasha mwili, na mama yake Kiroboto alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, kama mtu ambaye anataka kuondoka kabla hajaonwa. Karibu na uwanja palikuwa na meza ya mkaguzi. Huyu alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, ametumwa na chama cha mchezo, na watoto walimwita Bi Mkaguzi.

Alikuwa mkali kweli kweli. Kila barakoa aliichokonoa kwa chuma kidogo kuona kama wavu umelegea. Kila glavu aliitia mkono. Kila koti alilifinya toka kola mpaka pindo, na barakoa moja iliyobonyea aliitupa chini ya meza bila kusikiliza kilio cha mwenyewe. Panga za wageni alizisimamisha moja moja juu ya mizani ya kupimia watu, ncha chini, na kuzikandamiza. Kwenye uso wa mizani palichorwa mstari mwekundu kwa rangi ya kucha. Upanga uliojikunja kabla mshale haujafika mstarini ulipita. Usiojikunja haukupita.

Lakini panga za wenyeji, zile zenye utepe wa kijani, alizitazama kwa macho tu. Kocha alimhakikishia kwamba zimeshapimwa, foleni ilikuwa ndefu, na yeye akakubali. Alikosea, na baadaye alisema hivyo mwenyewe.

Makoti ya mama yalipita yote. Lakini minong'ono haina mkaguzi. Kiroboto alimsikia mzazi mmoja akimwambia mwenzake, "Angalau sasa ameyaongezea pamba."

Zamu yake ilipofika, Bi Mkaguzi alimfinya koti, akaitazama barakoa, halafu akamuuliza swali ambalo alimuuliza kila mchezaji.

"Kuna lolote unalolijua kuhusu vifaa vya hapa ambalo mimi nilipaswa kulijua?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Angesema neno moja tu, mambo yangekwisha. Kiroboto alimtazama mama yake kule kwenye benchi la mwisho, amejikunyata.

"Hapana," alisema.

Ilipotangazwa kwamba atapambana na Twiga, alikwenda ukutani na kuushika Kifupi.

"Wewe mfupi unachukua upanga mfupi?" kocha alishangaa. "Si utapata tabu kumfikia?"

"Nimeuzoea, kocha."

Wakasimama mstarini. Mwamuzi akainua mkono, akaushusha. Twiga alikuja kwa hatua zake ndefu, akapata pointi ya kwanza begani, kisha ya pili kichwani. Kiroboto hakujali pointi. Alikuwa anangoja. Mara ya tatu Twiga aliinua upanga juu kabisa ili ateremshe pigo kubwa, kifua kikabaki wazi. Kiroboto aliruka ndani, akachoma kwa mikono yote miwili na uzito wake wote.

Kifupi haukupinda hata kidogo. Alisikia pigo likiingia, akalisikia mpaka viwikoni mwake mwenyewe. Twiga alitoa sauti fupi ya chini, isiyofanana na sauti yake, akajikunja, akarudi nyuma hatua mbili na kuukamata ubavu.

"Pointi," alisema mwamuzi.

Watu walipiga makofi. Kiroboto aligeuka kumtafuta mama yake. Mama alikuwa amesimama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anatabasamu, anampigia mwanawe makofi.

Mwamuzi alimuuliza Twiga kama anaweza kuendelea. Twiga ni mtoto mwenye fahari. Alitikisa kichwa kukubali. Wakarudi mstarini. Sasa Twiga alikuwa anaulinda ubavu kwa kiwiko, anasita, na kila Kiroboto alipogusa sakafu kwa mguu wa mbele, yeye alirudi nyuma. Walipokaribiana panga zikakamatana, na kupitia nyavu za barakoa zao Kiroboto aliyaona macho ya mwenzake. Yalikuwa yanamwogopa. Hayakuogopa kushindwa. Yalimwogopa yeye.

Ndicho alichokuwa amekitaka wiki nzima. Alikuwa amekilalia na kukiamkia. Na sasa kwa kuwa amekipata, kilikuwa kichungu hata hakimezeki. Kifua cha Twiga kilikuwa wazi tena. Mama alikuwa bado anapiga makofi. Hasira ile ile iliyokuwa imemkaa kooni siku zote ikageuka, ikamtazama yeye mwenyewe.

Alirudi nyuma mpaka nje ya mstari. Aliulaza Kifupi sakafuni, akavua barakoa.

"Mwamuzi, upanga huu haufai."

"Umepata ufa?"

"Haupindi. Umemwumiza."

Bi Mkaguzi alikuwa ameshainuka kwenye meza yake. "Umeligundua hilo sasa hivi?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua mpaka leo.

"Hapana," alisema Kiroboto. "Nilijua tangu katikati ya wiki hii. Nimeuchukua kwa makusudi. Nilitaka uumize mtu mwenye koti la dukani, muache kusema ni makoti ya mama yangu."

Twiga alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Muuguzi mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe alimpeleka Twiga pembeni. Bi Mkaguzi naye alileta mizani katikati ya uwanja ili kila mtu aone. Kwanza alichukua upanga mwingine wa pale pale, mrefu, akausimamisha na kuukandamiza. Mshale ulipanda kidogo, upanga ukajikunja, mshale ukatulia chini ya mstari mwekundu. Kisha akachukua Kifupi. Mshale ulipanda, ukaufikia mstari, ukaupita, ukazidi kwenda, na Kifupi ulikuwa umesimama wima vilevile.

"Lakini ni mfupi," alisema mzazi mmoja. "Si ndio una afadhali?"

"Upanga huwa mnene karibu na mpini na mwembamba kuelekea nchani," alisema Bi Mkaguzi. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Kule kwembamba ndiko kunakopinda. Mkiukata ncha, mmekata sehemu laini mkabakiza ile ngumu. Halafu huu ndio mliwapa watoto, kwa kuwa ni mdogo kama wao. Ukikatwa, utepe unafunguliwa, na upanga unapimwa upya au unatupwa. Hakuna njia ya tatu. Na mimi nilipaswa kuupima asubuhi, sikuupima. Hilo nitaliandika kwa chama kwa mkono wangu."

Kocha alikuwa amesimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Aliufungua utepe wa kijani kwenye Kifupi, akautia mfukoni. Kisha alitembea mpaka benchi la mwisho, mbele ya wazazi wote.

"Fundi, nimekukosea," alisema. "Koti lako halikuwa na kasoro. Kasoro niliitengeneza mimi kwa tupa yangu, na mwanao aliponiambia sikumsikiliza. Nisamehe mbele ya hawa hawa niliokusema mbele yao."

Mama aliinamisha kichwa kukubali.

Kiroboto alitolewa mashindanoni, na mwamuzi hakuhitaji kufikiri mara mbili. Alikwenda pembeni alikolazwa Twiga, barafu ubavuni. Muuguzi alisema mbavu hazikuvunjika, lakini atalala chali kwa wiki kadhaa, na kucheka kutamwuma.

"Ungeniambia," alisema Twiga.

"Nilisema. Ulikuwapo, ukanicheka."

"Ndiyo, nilikucheka." Twiga alivuta pumzi taratibu, kwa vipande. "Lakini siku ile nilipokuchoma sikujua. Wewe umenichoma unajua."

Kiroboto alichuchumaa kando yake. "Nisamehe."

"Leo siwezi," alisema Twiga, akageuza uso.

Mama na mwanawe walitoka ghalani kabla ya mashindano kwisha. Mama alitangulia, hatua zake za haraka, mfuko mrefu wa Kiroboto ukimgonga mgongoni maana alimnyang'anya akaubeba mwenyewe. Kiroboto alimfuata nyuma. Alikuwa na huzuni, lakini chini ya huzuni bado alikuwa na tumaini dogo, na alishindwa kulinyamazisha.

"Mama, wamekuomba radhi."

"Nimesikia."

"Sasa wote wanajua si makoti yako."

Mama alisimama. Alipogeuka, Kiroboto alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amewahi kumwona mama yake amechoka, amenuna, amelia, lakini uso ule hakuwahi kuuona.

"Ulitaka kusafisha jina langu kwa mbavu za mtoto wa mwenzangu?" aliuliza mama. "Nani alikutuma? Mimi nilikutuma?"

"Hapana, mama."

"Nilipiga makofi." Sauti ya mama ilikwaruza. "Mtoto wa watu anaumia, nami nimesimama napiga makofi, nafurahi. Umenifanya hivyo wewe. Wale waliorudisha makoti hawajanifanya hivyo."

Kiroboto alianza kulia. Mama hakumbembeleza. Alimwacha alie, watu wakipita na kutazama, mpaka kilio kikapungua chenyewe. Ndipo aliposema tena, polepole.

"Sikiliza, mwanangu. Hasira yako ilikuwa ya haki. Ulisingiziwa, nami nilisingiziwa, nami nikakwambia uokote sindano badala ya kukusikiliza. Hapo nilikosa. Lakini kumbuka mchezo mliouchagua. Koti baya humwumiza aliyelivaa. Upanga mbaya humwumiza aliyesimama mbele yako, na yeye hakuuchagua. Amesimama pale kwa sababu anakuamini. Ukijua ni mbaya ukanyamaza, huchezi tena, unapiga mtu."

"Nilimwambia kocha, mama. Alikataa."

"Akikataa kocha, nivute mimi nguo. Nikikataa mimi, mwambie mkaguzi. Yule mama alikuuliza kwa kinywa chake, ukamdanganya. Mtu akiwa na haki hupiga kelele mpaka wenye masikio wachoke. Akimchukua asiyehusika akamlipizia, ile haki yake imekwisha siku hiyo hiyo, na watu hawatakumbuka tena alikuwa anadai nini."

Kiroboto alifuta uso kwa mkono wa koti, lile la turubai, lenye kiraka kipya mbavuni.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa kina Twiga," alisema mama. "Utawaeleza wazazi wake ulichokifanya, chote, na usianze na habari za makoti yangu. Anza na ulichofanya."

"Wakitufukuza?"

Mama aliuweka sawa mfuko begani, akaanza kutembea.

"Watakuwa na haki," alisema. "Tutarudi keshokutwa."